Shahidi na Mwigizaji: Mahakama ya Arusha katika Filamu

1. Utangulizi

Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994. Kwa azimio namba 977 la tarehe 22 Februari 1995, mji wa Arusha ulichaguliwa kuwa makao yake. Mahakama hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika kipindi hicho watu 93 walishtakiwa, na mashahidi zaidi ya 3,000 walitoa maelezo yao, wengi wao katika kumbi za Kituo cha Kimataifa cha Mikutano (AICC), chini ya Mlima Meru.

Wanafunzi wengi walioko vyuoni mwetu leo hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994. Walio wengi hawajasoma hata hukumu moja iliyotolewa Arusha, ingawa chuo hakiko mbali na ukumbi ilimosomwa. Wanachokijua wamekipata katika filamu. Kwao sura ya mshtakiwa ni sura ya mwigizaji, na sauti ya shahidi ni sauti ya mtu aliyejifunza maneno hayo kwa moyo. Jambo hili halipaswi kupita bila kuchunguzwa na watu ambao wito wao ni kushuhudia.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama hasa filamu ya televisheni iitwayo Sometimes in April, iliyotengenezwa na mwongozaji Raoul Peck kwa ajili ya kampuni ya televisheni ya HBO ya Marekani na kuonyeshwa mwaka 2005. Tutailinganisha kwa kifupi na kazi nyingine, na mwishoni tutauliza swali linalotuhusu sisi wenyewe: je, ni halali mtu asiyeteswa ayaseme kizimbani maneno ya aliyeteswa? Na kama ni halali, ni kwa masharti gani?

2. Kazi yenyewe

Peck ni mwenyeji wa Haiti ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Kongo, na kabla ya filamu hii alikwisha kutengeneza nyingine juu ya Patrice Lumumba mwaka 2000. Hadithi yake ya Rwanda inasimuliwa kwa nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni Aprili 1994. Augustin, askari Mhutu aliyeoa mke Mtutsi, anajaribu kuiokoa familia yake, huku ndugu yake Honoré akifanya kazi katika redio ya RTLM iliyochochea mauaji. Wakati wa pili ni Aprili 2004. Augustin sasa ni mwalimu wa shule aliyebaki peke yake. Anapata barua kutoka kwa Honoré aliyeko Arusha mikononi mwa Mahakama, naye anasafiri kuja kumwona.

Honoré si mtu halisi. Lakini waliosimama kizimbani Arusha kwa ajili ya maneno ya redio na magazeti walikuwa watu halisi. Georges Ruggiu, mtangazaji wa RTLM, alikiri makosa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2000. Hukumu juu ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003, na rufaa yao iliamuliwa tarehe 28 Novemba 2007. Kwa hiyo mwongozaji alichukua jambo lililokuwa likiendelea mbele ya majaji na kulivika mwili wa mtu wa kubuniwa. Uamuzi huo, kama tutakavyoona, ndiyo busara yake kubwa kuliko zote.

3. Mahali ambapo mwigizaji ni mtumishi

Tuanze na haki yake. Kuna sehemu moja katika filamu hii ambayo kwa maoni yetu inatosha kuitetea yote. Augustin amepanga hotelini Arusha. Katika chumba cha jirani yumo mwanamke aliyeletwa kutoa ushahidi juu ya aliyotendewa. Hawaonani. Wanazungumza wakiwa wametenganishwa na ukuta, na ni kwa njia ya ukuta huo kwamba yeye anaweza kusema.

Aliyewahi kuingia katika kumbi zile za AICC ataelewa kwa nini sehemu hii ni ya kweli. Mashahidi wengi walilindwa. Walikaa nyuma ya pazia na kuitwa kwa herufi badala ya majina, ili wakirudi kwao wasidhuriwe. Wasikilizaji waliokaa upande wa pili wa kioo walisikia sauti tu, tena mara nyingi sauti ya mkalimani. Ulimwengu haukuweza kuona uso wa shahidi, wala haukustahili kuuona. Hapa ndipo mwigizaji anapoweza kumtumikia aliyeteswa. Anatoa uso wake ili uso wa mwingine ubaki umesitirika.

Tena shauri la Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ya Taba, linatufundisha jinsi usemi huo ulivyokuwa mgumu. Katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998, Akayesu alikuwa mtu wa kwanza kupatikana na hatia ya mauaji ya kimbari mbele ya mahakama ya kimataifa, na ubakaji ulitambuliwa kuwa unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Lakini majaji hawakufika hapo kwa urahisi. Iliwabidi kuchunguza maneno ya Kinyarwanda ambayo mashahidi waliyatumia. Wanawake wale walisema gusambanya, au kuryamana, au gufata ku ngufu. Msomaji wa Kiswahili anasikia mara moja undugu wa neno hilo la mwisho na maneno yetu “kwa nguvu”, na anaona jinsi maneno mengine yanavyoficha kile ambacho kinywa kinaona aibu kukitaja. Kati ya neno la shahidi na hukumu kulikuwa na wakalimani, mawakili, na majaji waliotoka Senegali, Sweden na Afrika Kusini.

4. Mahali ambapo mwigizaji anazidisha

Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo kazi hii haikuyaweza.

La kwanza ni lugha. Katika filamu, Wanyarwanda wanazungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, na ule umbali tuliouona katika shauri la Akayesu unatoweka. Mtazamaji anadhani kwamba aliyeteswa alisema, na hakimu akaelewa. Mzigo wa kutafsiriwa, ambao ulikuwa sehemu ya mateso ya shahidi, haupo.

La pili ni muda. Filamu hii inachukua dakika 140 hivi. Shauri la watu sita wa Butare lilianza mwaka 2001, na hukumu ikatolewa tarehe 24 Juni 2011. Lilisikilizwa kwa siku 726 na mashahidi 189. Rufaa yake iliamuliwa Desemba 2015, mahakama ikiwa karibu kufunga milango. Haki ya binadamu huenda kwa mwendo huo: maswali yanayorudiwa, tarehe zinazobishaniwa, shahidi anayeulizwa rangi ya shati la mtu aliyemwona miaka saba iliyopita. Shahidi wa kweli husahau, huchanganya siku, na pengine huzungumza juu ya kifo cha mtoto wake bila chozi, maana machozi yalikwisha. Mwigizaji hulia mahali panapofaa. Tukizoea machozi yake, siku moja manusura atakapokuja ofisini kwa mchungaji akiwa na macho makavu, tutaanza kumshuku.

La tatu ni ungamo. Katika filamu, Honoré anamweleza ndugu yake ukweli wote juu ya mwisho wa mke wake na watoto wake. Tunajua sasa kila mtu alikufa vipi, na nafsi zetu zinatulia. Lakini Arusha haikutoa utulivu kwa urahisi hivyo. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji, alikiri makosa yake, na tarehe 4 Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha. Baada ya hapo alikata rufaa akitaka kukiri kwake kufutwe, na mwaka 2000 rufaa hiyo ilikataliwa. Hapa mwanafunzi wa theolojia anapaswa kusimama na kutafakari. Kukiri kosa mbele ya mahakama na kuungama dhambi mbele za Mungu si jambo moja. La kwanza laweza kuwa hesabu ya wakili. La pili, kama tunavyofundishwa katika Ukiri wa Augsburg, lina majuto ya kweli na imani inayoishika ondoleo la dhambi. Filamu inaunganisha mambo haya mawili katika mazungumzo ya saa moja, na kutupa faraja ambayo maelfu ya wajane bado hawajaipata.

Kwa upande mwingine, lazima tukiri kwamba Peck hakuimaliza hadithi yake katika ukumbi wa Arusha. Anaimaliza Rwanda, katika baraza la gacaca, ambapo mwanamke anasimama mbele ya watu wa kwao kusema yaliyompata. Mabaraza hayo, yaliyofungwa mwaka 2012, yalisikiliza kesi karibu milioni mbili. Kwa kutoufanya uamuzi wa majaji wa kigeni kuwa kilele, filamu inatuambia kwamba neno la mwisho ni la shahidi. Hilo ni jema.

5. Mshtakiwa kabla ya hukumu

Sasa tutazame njia nyingine. Filamu ya Hotel Rwanda, iliyotoka mwaka 2004, iliwaonyesha watu kwa majina yao halisi. Mmoja wao ni Georges Rutaganda, ambaye alikwisha kuhukumiwa Arusha mwaka 1999 na rufaa yake kumalizika mwaka 2003. Mwingine ni Jenerali Augustin Bizimungu. Lakini huyu, katika mwaka huo huo filamu ilipotoka, ndipo shauri lake lilipoanza kusikilizwa. Hukumu yake, kifungo cha miaka 30, ilitolewa tarehe 17 Mei 2011. Kwa muda wa miaka karibu saba watazamaji kote duniani walimfahamu jenerali anayepokea pombe ili kuokoa watu, huku majaji wakiendelea kupima ni yapi aliyoyafanya na ni yapi hakuyafanya.

Mtu aweza kujibu: mbona mwishowe alipatikana na hatia? Jibu hilo ni baya kuliko swali. Watu 14 walioshtakiwa Arusha waliachiwa huru. Mmoja wao, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, aliachiwa tarehe 25 Februari 2004, miezi miwili tu kabla ya ule mwezi wa Aprili ambao Augustin wa filamu anafika mjini. Hatumwoni mtu wa namna hiyo katika filamu yo yote tunayoijua. Na katika maisha halisi pia hakuna aliyetaka kumwona. Hakupata nchi ya kumpokea. Aliishi katika nyumba ya ulinzi hapa Arusha mwaka baada ya mwaka, mpaka Desemba 2021, ambapo watu wanane walioachiwa huru au waliomaliza vifungo vyao walihamishiwa Niger. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Anayeachiwa huru hayupo katika igizo, kwa hiyo haki yake haimo katika mioyo ya watazamaji.

Martin Luther, akiieleza Amri ya Nane katika Katekisimu Kubwa, anaanza na mahakama. Anamfikiria maskini asiye na kosa anayeonewa kwa mashahidi wa uongo, na anataka hakimu na shahidi wawe watu wasioogopa. Kisha anatofautisha kuijua dhambi ya mtu na kuihukumu. Naweza kuijua, lakini kuihukumu ni kazi ya aliyepewa mamlaka hayo. Wakati huo huo anakubali kwamba dhambi iliyo wazi mbele ya watu wote yaweza kukemewa wazi. Tofauti hii inatusaidia sana. Kwamba Watutsi waliangamizwa mwaka 1994 ni jambo lililo wazi. Mwaka 2006 jopo la rufaa la Mahakama lilitamka kwamba mauaji hayo ya kimbari yanajulikana kwa wote na hayahitaji kuthibitishwa tena kwa ushahidi. Mwandishi wa filamu anaposema hivyo hamsingizii mtu. Lakini kwamba fulani bin fulani alitenda hili siku ile, hilo ni shauri. Peck alipobuni Honoré aliukemea uovu uliokuwa wazi na kuiacha hukumu ya mtu mmoja mmoja kwa majaji. Hotel Rwanda ilipotumia jina halisi kabla ya hukumu, ilikikalia kiti ambacho haikupewa.

Hatari hii haiishii kwa watuhumiwa. Shujaa wa filamu hiyo, Paul Rusesabagina, alisifiwa duniani kote kwa sura ya mwigizaji Don Cheadle, ingawa baadhi ya waliokimbilia katika hoteli ile walipinga namna alivyoonyeshwa. Mwaka 2021 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, katika shauri lililolaumiwa na wengi nje ya Rwanda, na mwaka 2023 akaachiwa. Hatuna nia ya kuamua hapa kati ya pande hizo. Tunaona tu kwamba kila upande ulilazimika kupambana na mtu wa filamu kabla ya kumfikia mtu mwenyewe.

6. Sisi nasi ni waigizaji wa mashtaka

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa filamu peke yao. Hakuna jamii iliyoigiza shauri la mahakamani mara nyingi kama Kanisa. Kila Ijumaa Kuu, katika sharika nyingi, vijana na kwaya huigiza mashtaka ya Bwana wetu mbele ya Kayafa na mbele ya Pilato. Tunao mshtakiwa, mashahidi wa uongo, hakimu anayeogopa, na umati.

Historia ya maigizo hayo ina doa. Wanakijiji wa Oberammergau, Ujerumani, waliweka nadhiri mwaka 1633 ya kuigiza mateso ya Kristo, nao wanaendelea mpaka sasa. Kwa karne nyingi igizo lao liliweka lawama yote juu ya Wayahudi. Hitler alilitazama mwaka 1934 na baadaye akalisifu. Ni hasa tangu mwaka 1990, chini ya mwongozaji Christian Stückl, kwamba maneno yake yamerekebishwa ili lawama hiyo iondolewe. Basi igizo la shauri moja, likitazamwa na watu wasio na toba, laweza kuandaa mauaji ya kimbari, sawasawa na redio.

Lakini tunayo pia njia iliyo bora. Katika Mateso kwa Mathayo, ambayo Bach aliyatungia muziki kwa ajili ya Wakristo wa Leipzig, mji ambao wamisionari wake ndio walioleta Injili Meru na Arusha, wanafunzi wanamwuliza Bwana mmoja mmoja kama ni yeye atakayemsaliti. Hapo kwaya, kwa niaba ya usharika mzima, inajibu na kukubali kwamba mwenye kosa ni yeye anayeimba. Muziki hautafuti mwenye kosa katika taifa jingine. Unamleta msikilizaji kizimbani.

Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza kwa igizo lo lote la mahakama. Je, mtazamaji anaondoka akiwa hakimu, au anaondoka akijiuliza? Na kwa wasomaji wa jarida hili swali lina uchungu wa pekee. Miongoni mwa waliopatikana na hatia Arusha alikuwamo Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato, mwaka 2003. Na Athanase Seromba, padri wa Kanisa Katoliki, mwaka 2006, ambaye katika rufaa ya mwaka 2008 aliongezewa adhabu kuwa kifungo cha maisha kwa ajili ya watu waliobomolewa kanisa juu yao kule Nyange. Tusiyataje majina hayo ili kuyalaumu madhehebu ya jirani. Walikuwa wamevaa vazi kama letu, na watu walikimbilia kwao kwa sababu ya vazi hilo. Filamu inapomwonyesha mke wa Augustin akifa ndani ya kanisa, mtumishi wa Neno hana kiti cha mtazamaji.

7. Hitimisho

Watu wa Meru wanajua gharama ya kusikilizwa. Baada ya kuhamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki mwaka 1951, walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hakuna aliyemwigiza. Alikwenda mwenyewe kuwasemea watu wake, na ingawa ardhi haikurudishwa kwa uamuzi wa huko, neno lilisemwa na mwenye nalo. Baada ya miaka arobaini na zaidi, Umoja huo huo wa Mataifa ulileta mahakama yake chini ya mlima huu, na watu wa Rwanda wakasafiri kuja kusikilizwa. Sisi tulikuwa wenyeji wao.

Kutokana na hayo tunawapendekezea watumishi na wanafunzi mambo matatu. Kwanza, tunapoionyesha filamu ya namna hii katika darasa au usharika, tusiionyeshe peke yake. Isomwe pamoja na sehemu ya hukumu yenyewe. Hukumu zinapatikana, na kumbukumbu za mahakama zimehifadhiwa katika majengo ya Umoja wa Mataifa ya Lakilaki, nje kidogo ya mji. Pili, igizo la Ijumaa Kuu liandikwe upya kwa uangalifu, na sehemu ya umati ipewe usharika wote, wazee wa kanisa na mchungaji wakiwamo. Tatu, tusimwombe manusura aliye kati yetu asimame kuthibitisha tuliyoyaona katika televisheni. Akitaka kusema, atasema kwa wakati wake, na kwa maneno yake, hata kama hayana mpangilio. Wakati huo tusizungumze. Tuketi na kumsikiliza mpaka amalize.